Kocha Ćamil na Kipa Aliyemwacha Benchi

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeufunika uwanja wa Lipovača, na Kocha Ćamil Hodović anasukuma kitoroli cha chokaa kandokando ya eneo la penalti. Mtunza uwanja alihamia Slovenia mwaka jana. Kazi yake sasa anaifanya kocha.

"Ćamil, mstari wako umepinda kama beki yako ya kushoto!" anapaza sauti Ragib, muuza nyama, akiwa nje ya uzio.

"Njoo uchore wewe, bwana, unayeshindwa hata kuegesha gari!"

Wanacheka. Hapa mjini hakuna anayempita Ćamil bila kumtania au kumkaribisha kahawa. Wa rika lake bado wanamwita Treni, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye mwenyewe, alipokuwa winga kule Sarajevo mwanzoni mwa miaka ya tisini, hakukamatika.

Kisha vita vikaja. Mkataba wa kwenda kucheza Ubelgiji ukabaki kwenye droo. Mwaka 1993 kipande cha kombora kikamwingia gotini.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," anasema. "Baadaye nilicheza, ndiyo, lakini mbio zilikuwa zimekwisha."

Akageukia ukocha. Kwa miaka kumi na tisa ameifundisha timu ya mji huu wa watu elfu nane, kwa mshahara wa maki 900, pesa ya huku, kwa mwezi. Miaka mitatu iliyopita aliipandisha ligi kuu kwa mara ya kwanza.

Ukimuuliza habari za siku hiyo, hatabasamu.

Kipa wa timu alikuwa Vedad, mwanawe wa pekee, aliyedaka mechi zote za msimu. Mechi ya mwisho, ya mchujo wa kupanda daraja, ilikuwa ya kufa na kupona. Kocha alihisi itafika kwenye penalti, na huko Anto, kipa wa akiba, alikuwa hodari zaidi. Akaamua kumwanzisha Anto.

"Hata leo ningemwanzisha Anto," anasema. "Lakini asubuhi ile tulikula pita, ile pai yetu ya viazi, meza moja, mimi na mwanangu. Mama yake anamtania kwamba amenyoa kama bwana harusi. Mimi najua, nimenyamaza. Akaenda kuisoma orodha ya wachezaji ukutani pamoja na wenzake."

Anafuta chokaa mikononi, ingawa haifutiki.

"Wengine wote nikiwaacha nje, nawaita kwanza, tunazungumza. Wangu sikumwita. Niliogopa uso wake."

Anto aliokoa penalti mbili. Mji mzima ukamiminika uwanjani, wakambeba kocha mabegani. Akiwa huko juu, alimwona Vedad akiondoka kupitia geti dogo na begi lake.

"Nilimwita. Kwa kelele zile, nani angenisikia?"

Siku nne baadaye Vedad alipanda basi kwenda Graz, Austria. Anafanya kazi kwenye ghala la matairi, na Jumapili anadakia timu ya kijiji. Tangu siku ile hajazungumza na baba yake.

Senija, mke wa kocha, ndiye anayepigiwa simu. "Kila wiki ananiuliza, 'Mama, Lipovača wamefanyaje?' Hali ya baba yake haulizi. Namwambia Ćamil, andika basi hata ujumbe. Ananijibu, 'Niandike nini, mke wangu?' Mtu aliyewafokea waamuzi wa nchi nzima, kwa mwanawe hana neno!"

Wiki hii Ćamil amewaomba viongozi ruhusa ya kukosa mechi ya Jumapili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Walidhani anaumwa.

"Nikawaambia naenda kutazama mpira," anasema.

Jumamosi atapanda basi kwenda Graz. Senija ameshapata jina la kijiji na saa ya mechi. Vedad hajaambiwa.

"Nitasimama nyuma ya goli lake," anasema Ćamil. "Sitamfundisha kitu. Akinifukuza, nitarudi nyumbani. Lakini kipa lazima ageuke kufuata mpira uliotoka nje. Akigeuka, atanikuta nipo."

Anashika kitoroli, anaanza kuchora upande wa pili.