Msimu wa Kutuliza Jicho

Mume wangu Luseno akipumzika, nyumba nzima huchoka. Nalisema hili mapema, asije mtu akamhurumia yeye badala yangu.

Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro huko Industrial Area, lakini kati ya mtaa wa Jericho tulikokaa na ule wa Mbotela hakuna aliyemjua kwa magodoro. Walimjua kwa pool, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo. Alichezea timu ya baa ya Ngigi, pale Mbotela, na tangu Februari hadi Novemba kila Jumamosi alishinda ameinama juu ya meza ile. Ligi ikiisha, fimbo yake ilifungwa kwa shuka langu zuri na kulazwa juu ya kabati, maana ati ukiiegemeza ukutani inapinda. Hapo ndipo mapumziko yalipoanza, karibu miezi mitatu.

Mapumziko ya Luseno yalikuwa na sheria kuliko kazi. Mkono wa kulia haukukamua nguo wala kubeba mtungi, usije ukakaza. Kila jioni aliuloweka kwenye maji moto yenye chumvi, na beseni aliyotumia ni ile ninayooshea vyombo. Pombe aliacha, na hilo sikulalamikia. Sigara pia aliacha, lakini kifua kilipoanza kufunguka alitafuta kopo la mafuta ya kupikia, akaliweka chini ya kitanda, akawa anatemea humo. Nikifagia nililipita kwa ufagio huku nimeziba pua. Mwaka ule ndio wa mvua ya El Nino, mitaro ya Jericho imefurika, maji ya choo yanapita mlangoni, na mimi nasema kwa moyo wote kwamba uchafu wa nje niliuvumilia kuliko kopo lile.

Asubuhi alitoka kwa miguu mpaka Pumwani na kurudi, ati kulegeza mgongo. Alirudi na matope hadi magotini, akayaacha sakafuni yakauka, akaketi. Alikuwa amening'iniza kifungo cha shati kwa uzi kwenye waya wa taa, na hicho ndicho alichokitazama, kikiyumba, saa nzima, mdomo wazi.

"Unafanya nini, Baba Ayuma?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Natuliza jicho."

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu ilikaa barazani, mvua ikija naivuta ndani, na kifungo kile kilikuwa changu.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: msimu ukishaisha, mechi zilizopita hazizungumzwi. Timu nzima iliishika. Waliamini mchezaji akirudia-rudia kosa kwa mdomo, kosa linamkaa mkononi. Kwa hiyo mechi ya mwisho ilifungiwa pamoja na fimbo, na kuitaja nyumbani kwetu ilikuwa kama kutaja maiti mezani. Nami niliiheshimu sheria hiyo miaka sita kwa upumbavu wangu mwenyewe.

Sasa nieleze jambo la kitambaa. Septemba ya mwaka ule mlevi mmoja alichana kitambaa cha meza ya Ngigi kwa ncha ya fimbo, karibu na shimo la kona. Ngigi hakutaka kununua kingine. Luseno, kwa kujionyesha, akasema mke wangu ni fundi, atashona na hamtaona. Nikaenda asubuhi, baa ikiwa tupu, na sindano iliyopinda ya kushonea magodoro. Sijawahi kuinamia kitu kinachonuka vile. Bia ya miaka ilikuwa imekaukia ndani, kuna matundu ya sigara, na pembeni kulikuwa na kitu kigumu cha manjano ambacho sikuuliza ni nini. Nilishona nikipumua kwa mdomo. Lakini nilishona vizuri. Mshono ule ulilala chini ya kitambaa, ukipitisha kidole huusikii. Ngigi mwenyewe alipitisha kidole mara tatu, akanipa soda ya vuguvugu, nikaenda zangu kunawa.

Novemba timu ilipoteza mechi ya mwisho. Hilo nililijua kwa sura tu. Luseno aliingia, akafunga fimbo kwenye shuka, akaomba maji ya chumvi.

Kwa fundi wa mitaa hii ya Eastlands, Desemba na Januari ndio mwaka wenyewe. Shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka yunifomu, na ukikosa hapo utashona viraka mpaka Pasaka. Nilipanga vitambaa vya kaki na vya buluu, nikapaka mashine mafuta, nikangoja. Wiki ya kwanza ya Desemba wakaja wawili. Ya pili hakuja mtu. Nilidhani ni mvua.

Kisha nikamwona Lydiah akipita. Lydiah, Mama Kui, alikaa mlango wa nne kutoka kwetu, ana watoto watatu, na yunifomu zao nilishona mimi tangu wa kwanza aingie shule. Alikuwa na kitambaa cha buluu kwapani na macho yake yalikuwa upande ule mwingine wa barabara.

"Mama Kui," nikamwita, "huko unakoenda kuna fundi gani nisiyemjua?"

Alisimama, akabadilisha kwapa. "Usikasirike, Mama Ayuma. Ni Baba Kui. Amesema safari hii nipeleke kwingine."

"Nimemkosea nini Baba Kui?"

"Wanaume wanaongea huko kwa Ngigi. Ati mshono wako una donge. Ati ndio ulirusha ile nyeusi, mpira wa mwisho, timu ikapoteza. Sasa mtu akichanikiwa na suruali wanamwambia, ulishonewa na Mama Ayuma?" Aliinamisha kichwa. "Na aliyesema ni bwanako. Si mimi."

Niliingia ndani. Luseno alikuwa chini ya kifungo chake, mkono kwenye beseni.

"Ulisema mshono wangu ulirusha mpira?"

Hakunitazama. "Mama Ayuma, unajua hatuongei mambo ya mechi saa hii."

"Nimekuuliza."

"Nikianza kuongea juu ya ile shoti itaingia kichwani. Mkono utakaza. Msimu ukianza tutaongea, nitakueleza kila kitu."

"Msimu wako unaanza Februari. Wangu ni sasa."

"Basi ngoja kidogo," akasema kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, na vidole vyake vikaendelea kuchezacheza ndani ya maji.

Krismasi ilipita hivyo. Wapiga kura wakapiga kura, mvua ikanyesha, na mimi nikawa nakaa barazani na mashine iliyopakwa mafuta nikiona vitambaa vya majirani vikipita. Wanawake walinisalimia vizuri sana, na salamu zile zilinikera kuliko matusi. Ndani, mwanamume mzima alikuwa anazidi kunawiri. Alilala vizuri. Mashavu yalijaa. Alisema hajawahi kupumzika akapumzika hivi, kichwa chepesi, jicho limetulia tuli. Nilikuwa nikimtazama akikata kucha, zikirukia kitambaa changu cha kaki ambacho hakuna aliyekitaka, nikajiuliza nilimpendea nini mtu huyu. Nilikuwa namchukia. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Shule zilifunguliwa. Nilikuwa nimeshona sketi nne tu.

Mwisho wa Januari Ngigi alibadilisha kitambaa cha meza hatimaye, na Luseno akaja na kile cha zamani begani, kimekunjwa, kinanuka chumba kizima. Alitaka nimshonee mfuko wa fimbo. Timu za mjini, alisema, wachezaji wao wana mifuko, yeye peke yake ndiye anayebeba fimbo kwa shuka.

"Weka hapo," nikamwambia.

Nilikitandaza sakafuni. Kwa nyuma kilikuwa na ramani ya madoa, ya kahawia na ya kijivu, na karibu nitapike. Lakini nilikigeuza, nikautafuta mshono wangu. Ulikuwa palepale kwenye kona, umelala, haujaachia hata uzi. Nikachukua vifungo viwili, cheupe na cheusi, nikamwekea kiganjani.

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Mipira ilikuwa wapi."

Alitaka kusema juu ya sheria yake, niliona mdomo ukianza. Lakini alikuwa hajagusa mchezo kwa wiki tisa, na vifungo vilikuwa mkononi, na kitambaa kilikuwa mbele yake. Mikono ilimshinda. Alipiga magoti, akaweka cheusi shubiri moja tu kutoka shimo la katikati, pale kitambaa kilipokuwa kimesuguka. Akaweka cheupe, badala ya ule mpira unaogongwa kwa fimbo, nyuma yake. Akainama, akafumba jicho moja, akasogeza cheupe kidogo tu, upana wa ukucha. Alikumbuka kila kitu. Sheria ile yote ya kutosema, na hakuwa amesahau hata upana wa ukucha.

Nikachukua rula na chaki yangu ya fundi, nikachora mstari kutoka kifungo cheusi mpaka shimoni. Kisha nikaweka kidole kwenye mshono wangu. Kati ya mstari na kidole changu ulikuwa mwendo wa hatua nzima ya mtu mzima.

Luseno alitazama mstari, akatazama kidole. Masikio yalimwiva.

"Shubiri moja," nikasema. "Hata mtoto wetu Ayuma angeitumbukiza."

"Ilikuwa rahisi mno," akasema polepole. "Ndiyo sababu. Ningewaambiaje?"

"Kwa hiyo ukanipa mimi."

"Nilisema mara moja tu. Wao ndio waliendeleza." Kisha akainua uso, na alichosema baadaye sitakisahau. "Lakini tafadhali, tusilizungumze mpaka msimu uanze. Zimebaki wiki mbili. Nimetulia vizuri sana."

Nilikikunja kitambaa, nikakifua maji matatu na sabuni ya kipande, nikakianika juani siku ya kwanza isiyo na mvua, halafu nikakata mfuko. Niliukata upande ule ule wa meza, kutoka kona hadi kona, ukipita kwenye shimo la katikati. Pale palipokuwa na mstari wa chaki nilipita na uzi mweupe, mishono mifupi iliyobana. Mshono wangu wa Septemba niliuacha nje, uonekane, na kuuzungushia uzi mwekundu. Ulikuwa mfuko mzuri. Fimbo iliingia sawasawa.

Luseno aliushika, akaugeuza, akaelewa. Angeweza kuuacha nyumbani na kurudi kwenye shuka. Shuka nilikuwa nimelifungia sandukuni.

Jumamosi ya kufungua ligi nilivaa gauni langu la kanisani, nikafuatana naye mpaka kwa Ngigi. Sikuwa mtu wa kwenda baa, na wanaume waliponiona walipunguza sauti. Nilisimama karibu na mlango, palikuwa na hewa. Meza ilikuwa na kitambaa kipya, kijani cha kung'aa. Luseno aliweka mfuko juu yake.

Wachira, kapteni wao, alikuwa wa kwanza kuugusa. "Niaje Luseno! Buda, umejipanga msimu huu. Na hii laini nyeupe ya uzi ni ya nini?"

Luseno alinitazama. Nikamtazama. Akauweka mkono wake wa kulia, ule wa beseni, juu ya uzi mweupe.

"Hiyo ni njia ya ile nyeusi ya Novemba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akakohoa, akaanza tena. "Hapa ndipo ilipokuwa, na hili ndilo shimo. Mshono wa Mama Ayuma ni huu mwekundu, kule mbali. Mpira haukuufikia. Nilikosa mwenyewe, halafu nikadanganya."

Nilishika fremu ya mlango. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu Desemba.

Wachira alikuna kidevu. "Mshono gani?"

"Ule mliokuwa mnasema ulirusha mpira."

"Aah, ile!" Akacheka, akageukia wenzake, nao wakacheka, Baba Kui akiwa mmoja wao. "Si tulikuwa tunachokozana tu? Nani anakumbuka hiyo maneno? Haya, wekeni mipira tuanze."

Wakaweka mipira. Hivyo tu. Luseno akachukua fimbo yake, akaipaka chaki, na nusu dakika haikupita alikuwa ameinama na wao wamesahau. Watoto wa Lydiah walikuwa wameenda shule wiki tano kwa yunifomu za fundi mwingine.

Niligeuka niende. Ngigi akanikimbilia na kitambaa chake cha kufutia glasi begani, akanishika kiwiko kwa heshima.

"Mama Ayuma, afadhali umekuja. Hiki kipya jana wamekichana kidogo hapo pembeni, wakijaribu. Wewe mshono wako hauonekani kabisa. Ungetushonea?"

Nilimtazama. Mfuko wangu ulikuwa bado mezani, uzi mwekundu juu.

"Mwambie Luseno ashone," nikasema. "Yeye amepumzika."

Nikatoa kiwiko changu mkononi mwake, nikaenda nyumbani kumwaga lile kopo la chini ya kitanda.