Mkono wa Punda

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipompanda punda wa watu. Hakuna aliyenituma.

Shule niliacha darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua reli inaishia wapi. Inaishia Mpanda. Nikashuka, nikazunguka, nikabeba matofali mtaa wa Majengo, nikaosha vikombe kwenye hoteli ya chai, nikaingia porini na wachimba dhahabu nikatoka mtupu. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa nimepata kibarua kwa familia moja ya Wasukuma pembeni mwa Misunkumilo. Walikuwa wametoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakahama, wakahama tena, na pale Misunkumilo napo walikuwa wanapita tu. Mwenye boma alikuwa mtoto mkubwa wa nyumba ile, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, na ng'ombe walikuwa wake na wadogo zake. Mama yake alikuwa mjane. Katika mali yote ile iliyokuwa inatifua vumbi asubuhi na jioni, cha kwake kilikuwa kimoja: punda jike wa kijivu, aliyepewa na kaka zake alipofiwa na mume. Punda yule ndiye aliyemtekea maji na kumpelekea mahindi mashineni. Mama alikuwa na nyonga mbovu. Bila punda, kila tone la maji lingepanda kichwani kwake.

Kazi yangu ilikuwa kwenda na punda mashineni na kurudi. Kwa wiki kadhaa nilimfuata nyuma nikijiuliza swali moja. Anabeba magunia mawili ya mahindi bila kulalamika. Mimi sifikii uzito wa magunia mawili. Kwa nini sijawahi kuona mtu mzima amempanda? Niliwahi kuona picha ya mzungu juu ya farasi kwenye kalenda ukutani mwa ile hoteli ya chai, amekaa wima kama anangoja kupigwa picha nyingine. Nilitaka kujua nchi inaonekanaje kutokea pale juu.

Siku moja tulikuwa tunarudi na unga debe moja tu. Nikamsogeza kando ya kichuguu, nikapanda. Alisimama kidogo, akageuza sikio moja kunielekea, akaendelea na safari. Nawaambia ukweli, nchi inaonekana vizuri. Niliona paa za nyumba, niliona moshi wa watu wanaochoma mkaa upande wa pili, nikaona hata kwato zake zinavyochagua mawe. Mpaka tulipofika kwenye korongo. Njia inateremka pale kwa ghafla, na mimi badala ya kushuka nikainama mbele kuangalia ataufanyaje mteremko ule. Uzito wangu wote ukaenda shingoni kwake. Alipiga magoti kwenye jiwe, na mimi nikapita juu ya kichwa chake pamoja na unga.

Aliinuka mwenyewe. Lakini mguu wa mbele wa kulia hakuukanyaga. Goti lilikuwa limechanika kwa upana wa vidole vitatu, na pamoja na damu yalikuwa yanatoka maji ya njano yanayovutika kama ute wa yai. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Nilichukua ute ule kwenye vidole nikavifungua na kuvifunga, nikiuvuta, halafu nikaona aibu kwamba hilo ndilo nililokuwa nafanya.

Tulifika nyumbani jua limeanza kupoa. Mama alikuwa anapepeta.

"Amejikwaa," nikasema.

Aliliangalia goti kwa muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi. "Geuka, bhabha." Wanamwita hivyo mtoto wa kiume, hata wanapotaka kumla nyama. Nikageuka. "Na haya manyoya kwenye makalio ya suruali yako, nayo yamejikwaa?"

Mtoto wake mkubwa alikuja, akachuchumaa, akabonyeza kuzunguka kidonda. Punda akarusha kichwa.

"Ng'ombe akivunjika tunakula," alisema. "Huyu tutafanyaje?"

Akasema jambo lenyewe bila kupandisha sauti. Kabla mvua hazijaanza walikuwa wanahamia Majimoto, kwenye malisho. Njia inapita porini siku kadhaa, kuna simba, na kundi la ng'ombe halisimami kwa ajili ya mnyama mmoja. Kama siku ya kuhama punda hawezi kutembea na ng'ombe, atammaliza mwenyewe hapo bomani, kuliko kumwachia fisi amle mzima.

Mama hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Mpaka siku hiyo, punda ni wewe."

Sikudhani alikuwa anasema kweli. Kesho yake alfajiri niliukuta mti wa mzega umeegemezwa mlangoni kwangu, na madumu mawili yamefungwa huku na huku. Nilibeba maji mara mbili asubuhi na mara moja jioni. Mahindi nilibeba mgongoni. Vijana wa bomani walinipigia mluzi ule wanaompigia punda, na yule mdogo kabisa kati yao akauliza kama nami nalala nimesimama. Lakini nilijifunza jambo. Kulikuwa na sehemu tatu njiani ambapo punda alizoea kusimama bila sababu, na mimi nilikuwa nikimchapa fimbo. Kwa mzega begani nilizijua sababu zote tatu. Moja ni pale mchanga unapoanza, na mzigo unakuwa mara mbili.

Matibabu tuliyaanza kama wanavyotibu goti la mtu. Asubuhi na jioni maji ya moto yenye chumvi, halafu samli, halafu unaushika mguu unaukunja taratibu na kuukunjua ili goti lisikauke. Mama mwenyewe alikuwa ametibiwa hivyo hivyo kwa wifi yake huko Shinyanga. Siku ya nne kidonda kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ya kwanza, na ule ute ulikuwa bado unatoka.

Nikaenda mjini kumtafuta bwana mifugo. Alikuwa amechoka, na kabla hajapanda baiskeli yake aliniuliza kama ni ng'ombe. Nikamwambia ni ng'ombe. Alipomkuta punda hakukasirika, alicheka tu. Akachoma sindano, akaniachia dawa ya siku nne na kunionyesha pa kuchoma shingoni. Kisha akaniuliza tunakifanyaje kidonda. Nikamweleza.

"Mnakunja nini?"

"Goti."

"Hilo si goti," akasema, anafunga mkoba. "Hicho ni kifundo cha mkono. Msikikunje."

Akapanda baiskeli yake akaondoka. Punda ana mkono? Nilimzunguka. Goti la nyuma na goti la mbele, nilikuwa naona magoti manne kama kila mtu anavyoona. Usiku ule sikupata usingizi vizuri, na asubuhi, nilipomaliza zamu yangu ya maji, nilikwenda moja kwa moja machinjioni.

Mchinjaji nilikuwa namfahamu tangu siku zangu za hoteli ya chai. Nikamwomba anifungulie mguu wa mbele wa ng'ombe, pale kwenye goti.

"Unataka supu?"

"Nataka kuona."

"Kuona ni bure, lakini ukichelewesha kisu changu utakwangua utumbo." Akapitisha kisu kwa mzunguko mmoja, akaufungua mguu kama kitabu.

Ndani hamkuwa na mfupa mmoja juu na mmoja chini kama nilivyofikiri. Mlikuwa na vijifupa vidogo vidogo, vimepangwa safu mbili, vyeupe, vinateleza kama kokoto za mtoni, na kati yao ute ule ule. Nikaubonyeza mkono wangu wa kushoto pale mtu anapovaa saa. Nikaupinda huku na huku. Vilikuwa vinacheza mle mle ndani. Nikapandisha kidole kwenye mguu wa ng'ombe mpaka nikafika kwapani, karibu na kifua, na huko nikakuta mfupa umechomoza nyuma. Kiwiko. Kilikuwa kimejificha huko siku zote. Basi mnyama huyu anatembea kwa kidole kimoja kirefu, au viwili kama ni ng'ombe, na tunachokiita goti ni kifundo cha mkono anaoukanyagia kama mtu anayetambaa.

"Umeona?" mchinjaji akauliza.

"Nimeona."

"Umeona nini?"

Nikamwonyesha. Aliutazama mkono wake wenye damu, akaupinda mara mbili, akasema, "Miaka yote hii." Halafu akanifukuza kwa sababu watu walikuwa wanasubiri nyama.

Nilirudi nikikimbia na kumkuta mama ameshachemsha maji ya kukanda. Nikamwambia tuache, tusikunje tena, punda ameumia mkono.

"Punda ana mkono?"

"Anao."

"Basi mpe huo mkono umsalimie, umwambie pole."

Nilimwomba anipe mkono wake yeye. Akanipa, anacheka bado. Nikabonyeza vile vijifupa, nikamwonyesha kimoja kimoja, nikamwuliza: mama, ukiteguka hapa, mnafanyaje? Akajibu bila kufikiri kwamba mnaufunga na vijiti, umenyooka, na hauguswi. Akamtazama punda. Sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyeiondoa.

Tulimfunga jioni ile. Nilipasua mianzi, mama akaizungushia nguo ya zamani, na juu yake tukakaza mpira wa ndani wa baiskeli. Kila baada ya siku mbili tulifungua, tukaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyopoa, yeye akiwa ameushikilia mguu usipinde hata kidogo, tukafunga tena. Wiki ya kwanza punda hakulala chini. Aliegemea miti ya zizi akalala hivyo hivyo, midomo inaning'inia. Nilikuwa nakwenda kumtazama mchana kutwa, namhesabia pumzi bila sababu. Wiki ya pili ute ulikoma. Wiki ya tatu nyama mpya ikaota, nyekundu kama ya tunda lililomenywa, na mama akaanza kuniachia dumu moja badala ya mawili, ingawa hakusema kwa nini.

Mtoto wake alipita siku moja, akaona ile mianzi. "Nyie mnajenga nyumba hapo?"

"Tunafunga mkono," mama akasema.

Yule bwana alinitazama mimi kama mtu anayetaka kujua ugonjwa huu huwa unaanzaje.

Tulipoifungua mianzi kabisa, nyasi zilikuwa zimekauka zote na watu wa boma walikuwa wanafunga mizigo. Mguu ulikuwa unapinda nusu tu. Kwenye tambarare punda alitembea akiuzungusha kwa nje, kama mtu anayefyeka. Kwenye mpando hakuwa na shida. Kwenye mteremko alisimama, akatetemeka bega. Nilimzungusha kila siku, asubuhi kidogo, jioni kidogo zaidi, na mtoto wa mama alikuwa anatuangalia kwa mbali. Siku ya kuondoka alimtazama punda, akamtazama mama yake, akasema: "Aje. Lakini sisimami."

Kibarua changu kilikuwa kimekwisha. Niliwafuata. Mama aliniuliza nakwenda Majimoto kufanya nini, na kabla sijajibu akanipa chungu nibebe.

Siku za kwanza njia ilikuwa tambarare na ng'ombe walikuwa wanakula njiani, punda akawa anawapata. Mbung'o walitusumbua. Tulivuka pori lile mchana tu, vijana wakipiga kelele mbele na nyuma, na kila nilipogeuka nilimwona mama anatembea na nyonga yake mbovu ubavuni mwa punda mwenye mguu mbovu, wamelingana mwendo. Halafu tukafika kwenye mteremko mmoja mrefu wa mawe unaoshuka bondeni. Ng'ombe waliingia wote kwa pamoja, vumbi likapanda, na tulipoweza kuona tena walikuwa wameshafika mbali chini. Punda alikuwa amesimama juu. Bega linatetemeka.

Nilishika kamba.

"Usimvute," mama akasema. Akakaa kwenye jiwe, akanyoosha mguu wake. "Mara ya mwisho uliamua wewe."

Jua lilikuwa linashuka. Nilisikia mbinja za vijana zikizidi kuwa ndogo, na nilifikiria simba, na nilifikiria fimbo, na sikufanya kitu. Punda alinusa njia waliyopita ng'ombe. Akaiacha. Akageuka ubavu, akaenda kukata mteremko kwa mshazari, hatua ndogo ndogo, mpaka penye kichaka. Hapo akajigeuza polepole na kurudi upande wa pili, chini kidogo. Mguu mzima ndio uliokuwa unatangulia kila alipogeuka. Akaenda hivyo, huku na huku, na sisi nyuma yake. Sijui alijifunza wapi. Sikuwa nimemfundisha, na kule Misunkumilo kila alipofika kwenye mteremko alisimama tu.

Tulifika chini giza likiwa linaingia. Nilitegemea kukuta alama za kwato tu kwenye mchanga. Tulikuta ng'ombe wote wamelala kando ya kijito, moto umewashwa, na mtoto wa mama amesimama njiani na mkuki. Alichuchumaa mbele ya punda. Akapitisha kiganja juu ya kovu. Lilikuwa limevimba na lilikuwa na joto, lakini halikuwa limepasuka. Akabonyeza, taratibu, sehemu moja moja, kama mtu anayetafuta vijifupa alivyoambiwa na mama yake kuwa vimo.

"Vipo vingapi humu?" akaniuliza.

"Sikuvihesabu," nikasema.

Akainuka, akawaambia vijana kesho hatuendi popote, ng'ombe wamechoka. Ng'ombe walikuwa wanacheua, hawana habari. Tulikaa pale siku mbili.