Kona ya Wembe

Mjomba wangu hakuwahi kumzika dada yake, na sababu ni mimi. Si barabara, si kudra, wala si petroli, ingawa petroli ndiyo niliyoisingizia siku ile. Ni mimi na wembe wa kunyolea ndevu.

Wakati huo nilikuwa karani wa mzani kwenye ghala la korosho hapa Nachingwea. Msimu ukiisha karani wa mzani hana kazi, na mtu asiye na kazi ana simu. Nikaanza kuangalia video za mafundi. Leo kabureta, kesho krachi, keshokutwa valvu. Nikanunua sanduku la spana za mitumba nikaliweka barazani makusudi, wapita njia walione. Nikafungua kabureta ya jirani mmoja, nikaipuliza, ikawaka. Basi! Mtaani wakaniita injinia kwa kunitania, na mimi, mjinga wa kutupwa, nikawa naitika.

Mjomba anakaa Matambarale, upande wa Ruangwa. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na kwetu mjomba akisema neno limesemwa. Ananiita mjomba kama ninavyomwita yeye. Ana pikipiki yake ya Kichina aliyoinunua kwa ufuta wa misimu miwili, na anaitunza sana. Mvua ikitishia, anaiingiza ndani kwanza ndipo anaita kuku.

Siku moja alikuja mjini kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho. Nikamsikia kabla sijamwona: ta-ta-ta-ta, juu kwenye kichwa cha injini, kama cherehani. Akazima, akanisalimia, akasema, "Imeanza kelele hii. Jumatatu nitampelekea fundi wa Ruangwa."

"Fundi wa nini, mjomba, na mimi nipo?"

Nilishaona kwenye video. Zile ni valvu, nafasi zake zimezidi. Juu ya kila valvu kuna skrubu wanayoiita tapeti, na kati ya tapeti na valvu panatakiwa pawe na upenyo mdogo mno. Wenye vifaa wanaupima kwa kibati maalumu. Sisi huku tunatumia wembe: unauchomeka katikati, unakaza tapeti, unauvuta. Ukitoka kwa kukwaruza kidogo, umepata. Nikaagiza wembe dukani na mjomba nikampa kigoda.

Alipoona nimeshika spana akauliza, "Si ingepoa kwanza? Yule fundi wa Ruangwa huwa anaiacha mpaka ukiigusa ni baridi."

Alikuwa sahihi. Hata jamaa wa kwenye video alisema hivyohivyo, tena mara mbili: valvu hazisetiwi injini ikiwa ya moto. Lakini majirani wawili walikuwa wameshasimama kutazama, na mimi nikaona nikisubiri wataondoka. Nikasema, "Ah, mjomba, hao mafundi wa zamani wana mambo ya kizamani." Majirani wakacheka. Mjomba naye akacheka, akanywa chai.

Nikafungua mfuniko huku naungua vidole na kujifanya siungui. Nikaweka wembe, nikakaza, nikauvuta, ukatoka vizuri. Nikapiga kiki. Kelele ikawa imepungua, imebaki ti-ti-ti ya mbali. Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha. Ile ti-ti-ti ndogo ndiyo uzima wa injini ile, inakuonyesha kwamba valvu zinapata nafasi ya kufunga. Mimi sikuitaka hata hiyo. Nilitaka ukimya, watu wauone ufundi. Nikafungua tena, nikakaza huku wembe umo ndani mpaka ukagoma kutoka. Nikauvuta kwa koleo. Ukatoka umepungua kona moja.

Nikaukodolea macho. Nikajiambia umetoka dukani hivyohivyo. Wembe mpya, nimeuvua karatasi mwenyewe muda si mrefu! Nikautia mfukoni, nikafunga mfuniko, nikapiga kiki. Injini ikanguruma kwa upole, haina hata chembe ya kelele. Mjomba akanishika bega mbele ya wale majirani akasema, "Huyu ni mwanangu." Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo, Mungu anisamehe.

Kesho yake akanipigia. "Mjomba, imetulia kweli, ila asubuhi inagoma kuwaka. Mpaka niisukume." Nikamwambia ni baridi. Baridi gani, ya Matambarale?

Siku tatu baadaye zikaja habari kutoka Nambambo: mama mkubwa amefariki alfajiri. Yeye na mjomba ndio waliokuwa wamebaki, wengine wote wa tumbo lile wameshatangulia. Ndiye aliyembeba mjomba mgongoni alipokuwa mdogo, na mjomba mwenyewe mpaka uzee wake alikuwa akimpelekea kila mwaka ufuta wa kwanza kuvunwa. Akanipigia simu, sauti imekauka. "Mwambieni shehe anisubiri. Mazishi baada ya adhuhuri, nitawahi. Kaburini nitaingia mimi. Nataka nimuweke mimi mwenyewe."

Mimi nilitangulia. Saa tano simu ikalia, ni yeye. Ameshapita Nachingwea, amejaza petroli kwa mama wa njia panda anayeuza kwenye chupa, ametembea kidogo, pikipiki imekata nguvu, imezima.

"Kiki ikoje?" nikauliza.

"Laini. Inashuka yenyewe, kama haijashika kitu."

Kiki ikiwa laini namna ile, injini haina mgandamizo. Valvu hazifungi. Nami nilijua kwa nini hazifungi. Nilijua palepale, simu ikiwa sikioni, na ule wembe uliokatika nikauona waziwazi.

Nilichotakiwa kusema ni maneno manne: iache hapo, panda bodaboda. Bodaboda njia ile zinapita. Angefika mapema, angeoga, angevaa kanzu safi. Lakini ningesema iache, angeuliza kwa nini, na ningejibu nini? Kwamba injinia ameiua? Nikasema, "Itakuwa petroli ina maji, mjomba. Imwage yote, tafuta nyingine, halafu piga kiki. Itawaka tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akanielewa. Yeye ni mtu wa kufuata maelekezo. Akaimwaga petroli yote chini. Akatembea kwa miguu hadi kijiji cha mbele, akapata chupa nyingine, akarudi, akajaza, akapiga kiki. Akapiga kiki mzee wa watu mpaka kiatu kikakatika. Kila bodaboda iliyosimama kumuuliza aliiambia iende zake, yake inawaka sasa hivi, mpwa wake ni fundi na amemhakikishia. Haya sikuyaona, nilikuja kuyasikia baadaye kwa waliompita.

Adhuhuri ikaswaliwa. Shehe akasubiri, akatazama jua, akatazama watu. Nikapiga simu ya mjomba, haipatikani, imeisha chaji. Bado nilikuwa na nafasi ya kutuma mtu akamchukue. Nikakaa. Nilikuwa naomba, haki ya Mungu, nilikuwa naomba kwa dhati kabisa kwamba pikipiki ile iwake kwa muujiza ili nisiumbuke. Kuomba kwenyewe nilijiombea mimi, si mjomba.

Mwisho shehe akasema maiti hawekwi. Wakauliza nani wa karibu ataingia. Wote wakanitazama, mtoto wa mdogo wake. Nikavua viatu nikaingia. Nikampokea mama mkubwa kwa mikono ileile, kucha bado zina weusi wa oili, nikamlaza mahali alipotaka kumlaza ndugu yake.

Mjomba alifika watu wameshaanza kurudi kutoka makaburini. Anaisukuma pikipiki, mguu mmoja peku, kanzu ina madoa ya petroli mbele. Akaisimamisha, akatazama watu wanavyonawa mikono. "Mmeshamaliza?" akauliza.

Mimi ndiye niliyejibu. Nilisimama katikati ya wafiwa nikapaza sauti, "Ni yule mama wa njia panda! Anachanganya maji kwenye petroli! Amemkosesha mtu kumzika ndugu yake kwa tamaa!" Tena kwa hasira kwelikweli, mishipa ya shingo imenisimama. Wanaume wakatikisa vichwa. Madereva bodaboda waliokuwepo wakaanza kuhesabu siku ambazo zao nazo zilisumbua.

Na kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani mmoja, mama mtu mzima asiye na haya, akachukua kinu akakiinamisha, akawa anakisukuma uwanja mzima huku anakohoa kama injini: "Nipisheni, nipisheni, namwahi dada yangu!" Watu wakacheka na machozi yao, ndiyo kazi ya utani, huwezi kukasirika. Akasimama mbele ya mjomba. "Wee mtani wangu, fundi wako nani?"

Mjomba akatabasamu kidogo. "Fundi wangu mzuri. Petroli tu." Kisha akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka alasiri. Nilimwona mabega yakitikisika. Sikumfuata.

Pikipiki ilipakiwa kwenye fuso ikapelekwa kwa yule fundi wa Ruangwa. Baada ya wiki mjomba akanipigia akasema imepona, akaniuliza habari za nyumbani, basi. Sikuuliza ilikuwa na nini. Huku mjini yule mama wa njia panda chupa zake zikawa zinashinda zimejaa juu ya meza. Bodaboda wakahamia kwa jamaa wa upande wa pili. Mimi nikipita pale nilikuwa natazama upande mwingine, kama vile kuna kitu cha maana kwenye majani. Sanduku la spana nikalisukumia uvunguni.

Mwaka ukazunguka. Mikorosho ilipoanza kutoa maua mjomba akaniita Matambarale. "Kelele zimerudi. Njoo uniwekee tapeti." Nikatafuta kila sababu ya kutokwenda. Akasema, "Nimesema uje."

Nikafika pikipiki ikiwa ya moto, ametoka nayo shambani. Nikaweka spana chini. Mjomba akasema, "Iache ipoe." Akanimiminia chai. Tukakaa. Tuliongea ufuta, tukaongea salfa. Saa zikaenda. Kisha akatoa mfukoni wembe mpya, bado una karatasi, akauweka juu ya kigoda. Akatoa na kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na kipande kidogo cha chuma, pembe tatu, cheusi kwa oili.

"Fundi alikikuta kando ya springi ya valvu," akasema.

"Tangu lini unacho, mjomba?"

"Wiki ileile ya msiba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi hata kifo kilikuwa hakijanitosha. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia yote, hadi ile simu ya saa tano, kwamba nilijua. Hilo la simu alikuwa halijui. Nilimwona linavyomwingia. Akageuza uso akatazama shamba, kitambaa kikiwa mkononi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mjomba."

Akavuta pumzi. "Mimi dada yangu nimeshamzika moyoni. Fanya kazi." Injini ilikuwa baridi. Nikaweka wembe, nikakaza, ukatoka kwa kukwaruza kidogo. Nikawasha, ikabaki ti-ti-ti ya mbali, nikaiacha. Nilipokuwa nafunga sanduku akasema, "Yule mama nilimwendea zamani, nikamwomba radhi. Aliniambia aliyesema si wewe, mzee."

Nikarudi Nachingwea. Sikulala vizuri, na asubuhi nikakodi pikipiki ya jirani nikaenda njia panda. Meza ilikuwa palepale, chupa chache. Nikasalimia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lita ngapi?"

"Moja."

Akachukua chupa, lakini hakunipa. Aliinyanyua juu, akaielekeza kwenye jua, akaizungusha taratibu mbele ya macho yangu. "Itazame mwenyewe kwanza," akasema. "Haina maji." Alisema kama mtu aliyezoea. Nikatambua kwamba anamfanyia hivyo kila mteja, na amefanya hivyo mwaka mzima.

"Najua haina, mama," nikasema. "Hata siku ile haikuwa nayo. Aliyeharibu injini ni mimi. Nimekuja kukuomba radhi."

Akaishusha chupa. Akanitazama kutoka viatuni mpaka usoni, na nikajua ananifahamu tangu niliposhuka kwenye pikipiki. Kisha akaifunga kizibo akanikabidhi.

"Siku ile ulisema mbele za watu," akasema. "Mbona leo umekuja peke yako?"