Aliyefungiwa Uani Siku ya Fainali

Nilda Bordón alihesabu umri wake kwa Makombe ya Dunia, kama wanawake wengine wanavyohesabu kwa watoto waliozaa. Yeye mtoto alizaa mmoja tu, Ramiro, kwa hiyo hesabu ya watoto isingemfikisha mbali.

Mwaka Kempes na nywele zake ndefu alipofunga mabao mawili kwenye fainali, Nilda alikuwa na miaka minane. Berisso nzima, mji wao huko Argentina, ilitoka nje na masufuria. Nyumba ya pili, kwa Mama Ofelia, madirisha yalikuwa yamefungwa, maana kijana wake alichukuliwa na wenye bunduki wa serikali mwaka uliotangulia na hakuonekana tena. "Usipige sufuria mbele ya mlango ule," mama yake alimwambia. Nilda akaenda kupigia kwenye kona. Alipokuwa mtu mzima jambo hilo lilimrudia mara nyingi, kwamba bado alikwenda kupiga.

Mwaka wa Maradona alikuwa na miaka kumi na sita. Alipandishwa kwenye lori lililojaa watu waliokuwa wakiimba, na aliyemvuta mkono kumpandisha ni Rubén, fundi wa kuchomelea, ambaye hakumwachia mkono huo hata leo. Kombe lile lilimpa mume. La mwaka elfu mbili na mbili lilimchukulia kaka. Benki zilikuwa zimezuia pesa za watu, karakana ya Rubén imefungwa, timu ikatolewa mapema na kurudi nyumbani kichwa chini, na mwezi huohuo Hugo akafunga sanduku kwenda Hispania. "Miaka miwili tu, dada," alisema. Ikawa ishirini. Mama yao alipozikwa, Hugo aliyatazama mazishi kwenye simu aliyoishika Nilda, na mkono ulikuwa ukitetemeka hata Hugo akawa anauliza, "Mbona naona viatu tu?"

Kwa hiyo Ramiro aliposema mezani, Jumapili moja ya Oktoba, kwamba Mjomba Hugo amempatia kazi ya kufunga majokofu huko Vigo, Nilda hakulia. Aliondoa sahani ya tambi iliyokuwa bado nusu.

"Tiketi ni ya tarehe kumi Januari," Ramiro alisema. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na fundi umeme hodari, ila mshahara wa mwezi ulikuwa ukiyeyuka kabla ya tarehe kumi na tano. "Lakini naweka nadhiri, mnisikie wote. Messi asipobeba kombe safari hii, siendi. Tiketi naichana. Siwezi kuiacha nchi ikiwa msibani."

"Usicheze na nadhiri, wewe," alisema Tito, mdogo wake Rubén, ambaye hakuwahi kuoa na kila mechi aliitazama kwao. "Mimi niliweka nadhiri ya kuacha sigara tukitwaa Copa América. Tukatwaa. Nikavuta moja, wiki ileile nikavunjika kidole."

"Ulikipigisha kwenye mlango, ulikuwa umelewa," Rubén alimjibu.

"Na nani alinilevya? Nadhiri!"

Walicheka. Nilda alikuwa jikoni ameshika ile sahani. Alilisikia neno moja tu: asipobeba.

Mechi ya kwanza, na Waarabu wa Saudia, ilikuwa asubuhi saa moja. Kipindi cha kwanza Nilda alikuwa uani akianika, na Argentina ikaongoza. Kipindi cha pili akaingia na mkate na kibuyu cha mate, ile chai yao ya kufyonza kwa mrija, akakaa kwenye mkono wa kochi. Hakumaliza kufyonza mrija mara mbili, Wasaudia walikuwa wamefunga mara mbili.

Tito alimgeukia taratibu kama hakimu. "Shemeji. Ulikuwa wapi kipindi cha kwanza?"

"Nilikuwa naanika."

"Rudi ukaanike."

"Nguo zimekwisha."

"Zilowanishe upya! Shemeji, nakupenda kama dada yangu, lakini una gundu."

Huko kwao hilo si la kubishia. Nyumba ambayo kila mtu ana kiti chake mpaka mashindano yaishe, ambayo jezi haifuliwi maadamu timu inashinda, haiwezi kumwacha mwenye nuksi azururezurure sebuleni. Mechi ya pili Nilda alikaa uani kwenye karo la kufulia, mlango umefungwa, na timu ikashinda. Ya tatu hivyohivyo. Ya nne hivyohivyo. Ramiro alimpelekea kiti cha plastiki na kumbusu kichwani. "Pole, Mama. Ni kwa ajili ya nchi."

Siku ya Waholanzi, Argentina ikiongoza mabao mawili, kelele zikatulia muda mrefu. Akadhani imekwisha. Akachungulia. "Tayari?" Hapo ndipo Waholanzi walipoanza kurudisha, la pili katika sekunde za mwisho kabisa. Ilibidi Argentina ishinde kwa matuta, na usiku ule Tito alipigilia kikulabu kwenye mlango wa uani, upande wa ndani.

Rubén alikiondoa asubuhi. "Mke wangu si mbwa," alisema. Halafu akaongeza, bila kumtazama, "Lakini, Nilda, usichungulie."

Mwezi mzima wa mwisho wa mwanawe nyumbani, basi, Nilda aliusikilizia ukutani. Ramiro alikuwa akirudi kazini amechoka na kulala. Siku ambazo alikaa nyumbani saa mbili mfululizo, akicheka na kupiga mapaja, zilikuwa siku za mechi, na siku hizo mama yake alikuwa nje anafua vitambaa vilivyokuwa safi. Jezi ya Ramiro, yenye namba kumi, ilikuwa imeanza kunuka. Hiyo hakuruhusiwa kuigusa.

Fainali ilianza adhuhuri, jua la Desemba likichoma uani. Bao la kwanza alilijua kwa kiti kilichoanguka. La pili, la Di María, alilijua kwa sababu Rubén alilia kwa sauti, na Rubén hakuwa amelia tangu siku Maradona alipokufa. Nilda alikaa mikono ndani ya maji. Akilini akamwona Ramiro kwenye simu inayotetemeka. Akauona mwili wake mwenyewe ukipelekwa makaburini na Ramiro akiuliza mbona anaona viatu tu.

"Dakika kumi na moja!" Tito alipiga kelele ndani. "Kumi na moja tu, jamani, mtu asijikune!"

Nilda alifuta mikono kwa aproni. Alijua anachokifanya. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakujua, lakini alijua, hata viatu alivua ili visilie. Alifungua mlango, akaingia, akasimama nyuma ya kiti cha mwanawe, karibu kiasi cha kusikia harufu ya jasho la jezi ile. Hakuna aliyegeuka. Kwenye runinga Mfaransa alikuwa akiweka mpira kwenye alama ya penalti.

Akafunga. Hawajapumua, akafunga tena.

Tito ndiye aliyegeuka. Alimtazama miguu mitupu, akapanda na macho mpaka usoni, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Shemeji. Umeingia lini?"

"Nilikuja kuchukua siki."

"Siki iko jikoni, Nilda," Rubén alisema taratibu.

Ramiro aligeuka mwisho. Nilda alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hasira haikuwapo. Alikuta uso wake wa alipokuwa na miaka sita, ule wa usiku alipobanwa na kifua na kumtazama yeye kama ndiye mwenye hewa yote na amekataa kumpa. "Mama," alisema. "Tafadhali."

Angeweza kubaki. Alikuwa mwenye nyumba, sebule ilikuwa yake, na dakika zilikuwa bado. Kubaki tu kama nguzo, basi. Akatoka.

Alirudi kwenye karo, akatumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko. Messi akafunga la tatu, nyumba ikatikisika. Wafaransa wakasawazisha tena, na Nilda hakuwa ameinua hata kidole, lakini hilo hakuna aliyekuja kumuuliza. Wakati wa matuta alifumba macho. Alitaka kuomba. Midomo ilipofunguka hakujua aombe nini, akajikuta anaomba ule uso uondoke, basi, uso ule tu uondoke.

Ukaondoka. Ramiro alitokea mlangoni akikimbia, akamnyanyua juu na maji yake na sabuni yake. "Mabingwa, Mama! Mabingwa wa dunia! Ni wewe! Ulitoka kwa wakati!"

"Tuisamehe ile safari ya siki?" Tito aliuliza, akilia na kucheka.

"Tumeisamehe!" Ramiro alijibu.

Mtaa ulikuwa umejaa masufuria. Nilda alipewa lake, akapiga. Alipiga hata mbele ya ile nyumba ya Mama Ofelia, ambamo kwa miaka mingi wamekuwa wakiishi watu wengine.

Tarehe kumi Januari, kwenye uwanja wa ndege, aliona akina mama wengi wakiwaaga watoto wao. Walikuwa kama waliokuja hospitali moja, wakitazamana na kukwepana. Ramiro alimkumbatia, na alikuwa amenyoa vizuri.

"Si lazima leo," Nilda alisema kifuani mwake. "Tiketi inabadilishwa. Nimeuliza."

"Nadhiri ni nadhiri, Mama. Amelibeba."

"Ulisema asipobeba hutakwenda. Hukusema akibeba lazima uende."

Ramiro alicheka, akamfuta shavu kwa kidole gumba. "Miaka miwili tu," alisema.

Pale ndipo alipotaka kumwambia. Kwamba hakufuata siki. Kwamba alivua viatu. Alifungua mdomo, kisha akafikiri: atakwenda na jambo hilo, na litakuwa ndilo la mwisho la kwangu alilobeba. Akamwambia avae soksi nzito.

Jezi yake Ramiro aliiacha kwenye msumari chumbani, na maagizo kwamba isifuliwe mpaka Kombe lijalo. Februari harufu ilikuwa bado ipo. Ilipofika Machi Nilda alilazimika kuingiza uso ndani kabisa, na hapo alipata kitu kama vumbi.

Mwezi huo mabingwa walicheza nyumbani mara ya kwanza tangu watwae kombe, mechi ya kirafiki, ya kuonyesha tu nyota mpya ya ubingwa kwenye jezi. Tito alikuja na mikate. Nilda alichukua kapu la nguo, akaelekea uani.

"We shemeji, unakwenda wapi?" Tito alimwita. "Hii haina kitu. Leo hata mwenye gundu anaruhusiwa. Njoo ukae."

Aliliweka kapu chini. Miezi yote hiyo hakuwa amekaa sebuleni na runinga ikionyesha mpira. Rubén alisogea kochini, lakini kochi lilikuwa limejaa makoti na mikate, na kilichokuwa wazi ni kiti kimoja. Nilda akakisogelea.

"Hapo hapana!" Tito na Rubén walisema pamoja.

"Hicho cha Ramiro," Rubén alisema, na sauti yake ikashuka. "Kinabaki hivyohivyo. Ndivyo tulivyoshinda."

Nilda alikitazama kiti. Mto wenye foronya aliyoishona yeye ulikuwa umebonyea katikati. Watu uwanjani walikuwa wakiimba, na wachezaji wakipita na kombe mbele ya watoto wao waliovalishwa jezi ndogo. Akachukua kapu lake, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukashika.