Mulango Yangu Iko, Lupango Haiko

Admin wa hii groupe, unifichie jina. Kipara ku foto yangu unaweza kuiacha, hapa Kolwezi bipara biko bingi.

Mi niko baba wa miaka makumi tano na mbili, niko na bibi na batoto wane. Ninauzisha asali ku internet, asali ya Mutshatsha, bila maji, bila sukari. Ni kitu kimoja tu nilifanya muzuri katika maisha yangu. Hata bibi yangu anakubali, naye si mutu wa kukubali ovyo. Site ya biashara kwenye ninauzishia ilinipa alama ya kuaminika. Batu ba Likasi na Lubumbashi wakiona ile alama, banatuma commande ya asali bila kunijua.

Kisha mugodi ikapanuka, bakatufukuza ku cité yetu, mutaa muzima. Kila mutu alibeba chenye aliweza: mabati, matofali, madirisha. Mi nikang'oa mulango ya duka, yenye jina ya duka na numero ya lupango, kiwanja yetu, kwa rangi nyekundu. Tukaenda kulala ku salon ya mulamu wangu, kaka ya bibi. Mulango tuliiegemeza ku ukuta, kama mugeni mwenye hajaambiwa aikale.

Nyuma ya pale, site ikatuma mukaguzi. Akafika na pikipiki kwa adresi yangu, akakuta shimo ya mugodi. Akaandika: "Biashara haiko." Alama bakaitoa. Commande zikakauka.

Nikafanya recours, nikaomba baangalie tena. Bakajibu: tuma picha ya duka kwa adresi ile ile. Mi na ujinga yangu nikaenda kusimama pembeni ya shimo, bidon ya asali mu mukono, nikacheka na kamera. Mulinzi wa mugodi alinifukuza mbele ya kufunga meno. Site bakasema picha haionyeshi biashara. Pale siwezi kubishana nao. Adresi mupya je? Banataka karatasi ya lupango kwa jina yangu, nami niko mugeni wa salon. Imebaki recours moja ya mwisho. Ikianguka, jina ya duka inafungwa kabisa.

Mulamu ananiambia: "Mulamu, unajichokesha ya nini? Tuweke mulango yako ku nyumba yangu, upige foto karibu-karibu. Numero njo ile ile. Nani atajua?"

Kweli, mulango ni yangu. Numero ni yangu. Uongo ni ukuta tu. Nikaanza kutafuta misumari. Bibi alikuwa anachuja asali, hakuinua hata kichwa:

"Weye, asali hauichanganyaka na maji hata siku moja. Sasa unataka kuchanganya adresi?"

Nikamuuliza, "Basi, mama, batoto batakula nini?"

Akarudia kuchuja asali.

Nimechoka, bandugu. Mulango ingali inaegemea, misumari iko mu mufuko. Ninyi mulifukuzwa kama sisi, muniambie: nipigilie, ao niache?