Vilima Ambavyo Sikuvipanda

Sijawahi kuendesha baiskeli hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu kwa karibu miaka miwili niliishi kwa kuwaeleza watu wenye baiskeli nzuri jinsi ya kupanda vilima vya Italia, wapumzike wapi, na kona gani wasiiingie kwa pupa. Kazi hiyo niliifanya nikiwa nimeketi kitandani, kompyuta mapajani, katika chumba kimoja kwenye mtaa uitwao Kongo, Kawangware, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Niliipata kwa njia wanayoijua wote wanaoandika mtandaoni hapa Nairobi. Ukifungua akaunti kwenye tovuti za kazi kwa jina lako na sura yako ya Kiafrika, itazeeka bila mteja. Kwa hiyo unakodi ya mtu mwingine. Yangu ilikuwa na picha ya mzungu mwenye mvi, amevaa helmeti ya baiskeli, anatabasamu kama mtu aliyelala vizuri. Jamaa aliyenikodisha nilikutana naye mara moja tu. Alinipa neno la siri na onyo.

"Buda, usiwahi sema hii account si yako," alisema. "Ukisema tu, wanafunga. Na hapo mimi na wewe tumemalizana."

Mteja wangu alikuwa mama mjane, mwenye nyumba ndogo ya wageni katikati ya mizabibu. Wageni wake walikuja kuzunguka vilimani kwa baiskeli. Aliyezijua njia ni mumewe, na mume alikufa ghafla, akaacha mistari tu kwenye ramani pamoja na video alizozipiga akiwa juu ya baiskeli. Mama alitaka kila njia iandikwe kwenye kurasa chache ambazo mgeni anaweza kuzikunja mfukoni. Aliona ile picha yangu ya mvi, akaniamini papo hapo.

Video zile zilionyesha barabara nyembamba, miberoshi, kanisa la mawe juu ya kilima, mbwa aliyelala katikati ya njia. Lakini kilichonifundisha vilima ni pumzi za marehemu. Zilisikika vizuri. Pumzi zilipokuwa fupi, niliandika kwamba mlima umeanza kukaza. Alipoacha kuhema na kuanza kupiga mluzi, nilijua tumefika kileleni, nami nikajinyoosha kidogo kitandani.

Mengine niliyatoa miguuni mwangu. Nililelewa Mashimoni, Kibera, na maji yalipokatika kwetu tulipanda hadi karibu na reli, Laini Saba, tukanunua huko na kurudi na mtungi wa lita ishirini kila mmoja. Mtu aliyebeba mtungi haogopi kupanda. Anaogopa kushuka, maana magoti ndiyo yanayoumia na matope yanateleza. Basi nikaandika miteremko ya Italia kama adhabu. Baadaye niligundua kwamba waendesha baiskeli wengi hushangilia mteremko, nikaona haya. Lakini mama akaniandikia kwamba mumewe naye aliichukia, breki zilimuumiza vidole. Kisha akaongeza: unaandika kama mtu anayejua kuchoka.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kosa lililokaribia kuniumbua lilikuwa la maji. Kwenye ramani zake vijiji vingi vilikuwa na alama ya bomba la umma. Mimi, bila kufikiri, nikaandika kila mahali: beba sarafu za maji. Njia sita nzima nilizijaza sarafu. Mama akacheka kwa maandishi, akauliza natoka nchi gani ambako mtu hulipia bomba la kijijini, kwa maana huko kwao unakinga mikono na kunywa. Nikamdanganya kwamba zamani nilisafiri sana jangwani. Uongo wa kijinga, lakini aliupokea.

Baada ya hapo alianza kuniuliza kila asubuhi nimeamkaje. Si swali kubwa. Ila ndani ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga hakuna aliyeniuliza. Mama yangu alikuwa amerudi nyumbani kando ya ziwa kwa sababu ya mapafu yake, ndugu zangu kila mmoja ameshika njia yake, na majirani waliniona kama tapeli kwa vile nilijifungia mchana kutwa. Mwenye ploti, mzee aliyezaliwa papo hapo wakati Kawangware ilikuwa mashamba, alisimama mlangoni kwangu siku moja na kuitazama kompyuta.

"Wewe kijana," akasema, "hii kazi yako isiyomaliza viatu ni ya aina gani?"

Nikamwambia ni ya baiskeli. Alitazama kitanda, jiko, ndoo, hakuona baiskeli, akaenda zake akitikisa kichwa. Nilikasirika, halafu nikaona kwamba yule mzee alikuwa ameongea nami zaidi kuliko mtu mwingine yeyote mwezi ule, na hasira ikageuka kuwa kitu kibaya zaidi.

Kwa hiyo nilimwambia mama wa Italia mambo yangu. Nilimwambia nina magoti mabovu, naishi peke yangu, mvua huniamsha kwa sababu paa lina kelele. Yote kweli. Yeye aliniambia bado anaandaa vikombe viwili asubuhi, na kwamba hukasirika anapokumbuka. Tuliandikiana hivyo hata siku zisizokuwa na kazi. Nilimpenda. Si mapenzi ya kuoana, ni yale ya kutaka mtu fulani aendelee kuwapo.

Kisha akanialika. Ilibaki njia moja ambayo mumewe aliichora lakini hakuwahi kuipita, na yeye mwenyewe hawezi tena kupanda baiskeli. Alitaka mimi niipite kwa mara ya kwanza, mwezi wa Aprili, hali ya hewa ikiwa nzuri. Chumba kipo, baiskeli ya marehemu ipo, anadhani urefu wetu unalingana. Alisema hawezi kumpa mgeni wa kawaida njia hiyo. Angenisubiri langoni.

Siku nne sikumjibu. Nikikataa kwa kisingizio, ataumia kidogo na kuendelea kumwandikia yule mzee wa mvi ambaye hayupo. Nikikubali, atasimama langoni bure. Nikisema kweli, huenda nisimpate tena. Siku ya tano nikaandika barua ndefu. Nilieleza picha, Kongo, Mashimoni, mtungi, sarafu, na kwamba sijui hata kushika usukani. Nikaomba radhi. Nikabonyeza kutuma kabla uoga haujarudi.

Akaunti ilifungwa saa ile ile. Hata ukurasa haukumaliza kufunguka. Likatokea tangazo kwamba nimekiuka masharti, na mazungumzo yetu yote yakapotea. Jamaa aliyenikodisha alinipigia simu, akanitukana kwa Kisheng nisichoweza kukirudia hapa. Nilikuwa nawaza kitu kimoja: barua ilimfikia, au ilizuiwa?

Nilivumilia majuma matatu. Mwishowe nikatafuta tovuti ya nyumba yake, nikapata namba, nikanunua kredo ya simu. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakachosema, neno kwa neno, kwa maana najijua, nikibanwa huwa natoroka.

Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Sikuwahi kuisikia sauti yake kabla ya hapo. Ilikuwa nzito kidogo, na ilikuwa na haraka ya furaha ndani yake. Nikamsalimu kwa Kiingereza, nikamtajia jina langu, lile alilonipa mama yangu.

Akajaribu kulitamka, likamshinda, akajaribu tena. Halafu akasema kwa upole kwamba hamjui mtu wa jina hilo.

Karatasi ilikuwa mkononi. Sentensi iliyofuata ilikuwa pale, wazi, kwa mwandiko wangu. Nikasema samahani, nimekosea namba.

Akasema hakuna shida. Alikimbilia simu kwa sababu anamsubiri mgeni wake wa Aprili apige, amenyamaza siku nyingi, labda ni yale magoti yake. Kitanda ameshakitandika. Nikamtakia siku njema, nikakata.