Uzi wa Kofia Ukutani

Nyumba yetu ya Chukwani niliijenga kwa ubishi. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nauza kompyuta mjini, na nilijiona najua kila jambo la karne mpya. Baba, aliyemaliza umri wake akivuta waya za simu katika majumba ya Mji Mkongwe, aliniomba kitu kimoja tu: kabla kuta hazijapigwa plasta, nipitishe paipu ya waya wa intaneti kutoka sebuleni mpaka chumbani kwa mama. Nilimcheka. Nikamwambia siku hizi mambo yote yanapita hewani, na sitaki ukuta wangu utobolewe kwa mambo ya kizamani. Baba akavaa viatu vyake akaenda msikitini.

Chumba cha mama kilikuwa nyuma, karibu na ua. Ukuta wake nilitaka ujengwe kwa mawe, mnene, kama wa nyumba yetu ya mjini, kwa sababu mama hakuzoea joto la nyumba za matofali na nilitaka alale vizuri. Nilijisifu sana kwa ukuta ule.

Dada yangu alikuwa ameolewa Maskati, na mwezi tuliohamia alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama hakuweza kusafiri, miguu ilikuwa inamsumbua. Hamu yake yote ilikuwa kumwona mjukuu. Tukapatana na dada kwamba kila Ijumaa baada ya sala atapiga kwa kompyuta, na mama atamwona mtoto usoni.

Ijumaa ya kwanza nikambebea mama kompyuta chumbani. Nilipovuka tu ukuta wangu wa mawe, mtandao ukakatika. Kile kidude cha kurushia mtandao nilikiweka juu ya kabati, nikakihamishia juu ya friji, nikakining'iniza kwa kamba mlangoni, wapi! Ulishika ukumbini tu, na ukumbini siku za Ijumaa wageni wa baba hupita kwenda kunawa mikono. Mama akajitanda buibui akakaa ncha ya kiti. Mtoto akatokea, amefumba macho. Mara wanaume wawili wakapiga hodi, na mama akainuka akaingia ndani. Dada alibaki anakiita kiti kitupu.

Ijumaa ya pili mama hakutoka kabisa. Alisema kichwa kinamuuma, akakaa kitandani anashona kofia. Nilijua si kichwa. Iliniuma, na hasira nilizokuwa nazo sikuwa na wa kumtolea.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kesho yake asubuhi nikamfuata baba barazani, nikamwamkia, nikamwambia nataka kuupasua ukuta nipitishe waya. Nilisubiri anicheke kama nilivyomcheka.

Aliomba bisibisi. Akaingia chumbani kwa mama, akasogeza sanduku lake la nguo, akagonga plasta karibu na sakafu mpaka ikalia patupu, kisha akakwangua. Ukatokea mdomo wa paipu uliozibwa kwa kitambaa, na ndani yake uzi mweupe uliosokotwa mara nne. Mama aliutambua mara moja. Ulikuwa uzi wake wa kofia, alioutafuta nyumba nzima.

Baba akaeleza kwamba siku niliyokwenda Malindi, kule mjini, kupokea vigae vyangu bandarini, yeye na mwashi walishinda wakiitia ile paipu, na jioni wakafukia kila kitu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nlitoboa ukuta wako bila ya ruhusa. Nikaona haya kukwambia, nyumba ni yako."

Mimi niliyecheka ndiye niliyeombwa msamaha. Niliushika mkono wake nikaubusu, nao ulikuwa na vumbi la plasta.

Tukafukua na mdomo wa pili sebuleni, nikafunga waya kwenye ncha ya uzi ya upande huo. Yeye akavuta kule chumbani, mimi nasukuma huku, pole pole, na uzi wa mama haukukatika.

Ijumaa iliyofuata wageni walijaa kama kawaida. Mama alifunga mlango wake, akavua buibui. Nilipopita na birika la kahawa nilimsikia akimwita mjukuu wake kwa jina, akirudia na kurudia, hana haraka ya kumpisha mtu.